Vitabu vya fedha vinapopingana, nifuate kipi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Kwa muda sasa nimekuwa nikisoma vitabu vya fedha na uwekezaji, na kila ninapoongeza kimoja nazidi kuchanganyikiwa. Kimoja kinaniambia nilipe madeni yote kabla ya jambo lingine lolote, kingine kinasema matajiri hukopa. Kimoja kinataka nichague hisa za kampuni ninazozifahamu, kingine kinasema nisichague kabisa, ninunue soko zima. Nina mshahara, nina mkopo mmoja wa riba kubwa, na nina biashara ndogo iliyoanza kusimama. Kuna mtu yuko tayari kuweka fedha yake humo, apewe asilimia 20. Nifuate kitabu kipi? Na vingine vipi ninunue?

JIBU: Marahaba. Kwanza gawa vitabu vyako mafungu matatu, kwa sababu kinachouzwa kwa jina moja la vitabu vya fedha ni fani tatu. Kuna fedha za nyumbani, yaani mapato, matumizi, akiba na madeni; hesabu zake ni za kujumlisha na kutoa, na ugumu wake wote uko kwenye mwenendo. Kuna uwekezaji, ambao huamuliwa na gharama, muda na mambo yasiyotabirika. Na kuna kutafuta mtaji, ambako ukiondoa maneno ya hamasa unabaki na fani ya mikataba. Mwandishi aliyebobea katika moja huwa mgeni katika nyingine, hata kama sauti yake haionyeshi ugeni. Sehemu kubwa ya ugomvi unaouona inatokana na kumuuliza mwandishi wa fani moja swali la fani nyingine.

Ugomvi unaobaki hauamuliwi na sifa za mwandishi. Huamuliwa na namba zako. Nitakuonyesha kwa mambo yale yale uliyoyataja.

Tuanze na deni. Mawazo ya kwamba matajiri hukopa yameenezwa sana na Rich Dad Poor Dad cha Robert Kiyosaki, kilichotoka Marekani mwaka 1997, na vitabu vingi vilivyokifuata. Kina jambo moja la maana: kinakuzoeza kuuliza kama kitu unachokiita mali kinaingiza fedha mfukoni au kinazitoa. Wahasibu hawatumii neno mali kwa maana hiyo, ila kama swali la kujiuliza kabla ya kununua, ni swali zuri. Lakini ushauri wa kukopa ili ununue jengo la kupangisha umesimama juu ya aina fulani ya mkopo. Marekani ni jambo la kawaida kupata mkopo wa nyumba wa miaka 30 wenye riba isiyopanda; mahali pengi duniani mkopo wa namna hiyo ni adimu. Sasa weka namba. Jengo ni la 100, wewe umetoa 20 zako na 80 umekopa. Baada ya kutoa gharama za matengenezo na kodi ya serikali, linakuingizia 8 kwa mwaka. Riba ikiwa asilimia 6, unailipa benki 4.8 na kubaki na 3.2, ambayo ni asilimia 16 ya zile 20 ulizotoa. Ukiangalia hapo, mwandishi yuko sahihi kabisa. Riba ikiwa asilimia 16, unadaiwa 12.8 kila mwaka na jengo linakupa 8. Kila mwaka unachukua 4.8 kutoka kwenye mshahara kulilisha jengo, na mkopo wenyewe bado hujaupunguza hata kidogo. Jengo ni lile lile na kitabu ni kile kile; riba ndiyo iliyokata kesi.

Kwa hiyo ule mkopo wako wa riba kubwa umeshatoa jibu. Kama ni wa asilimia 24, kila 100 unayoilipa mapema inakuokolea 24 kwa mwaka, na hakuna mtu anayeweza kukuahidi faida hiyo kwa uhakika huo sokoni. Ulipe. Jambo moja tu litangulie: weka pembeni fedha ya kuendesha nyumba kwa mwezi mmoja hivi, ili dharura ya kwanza isikurudishe kwa mkopeshaji. Deni likiisha, akiba hiyo ipandishe hadi matumizi ya miezi mitatu hata sita.

Kuhusu akiba vitabu vinakubaliana, kwa hiyo sitakaa sana hapo. Ushauri wa kujilipa kwanza sehemu ya kumi ya kipato ulienezwa na The Richest Man in Babylon cha George Clason, kilichochapishwa mwaka 1926, ambacho kilianza kama vijitabu vilivyogawiwa na mabenki na kampuni za bima. Zingatia nani alikuwa akivigawa. Ushauri unafaa hadi leo, lakini wahusika wa kitabu hicho wanaweka dhahabu, kwa hiyo mfumuko wa bei hauwahusu, na wewe unakuhusu. Nyongeza ninayoiamini zaidi inatoka kwa wachumi Richard Thaler na Shlomo Benartzi, walioandika mwaka 2004 juu ya wafanyakazi waliokubali mapema kwamba kila mshahara utakapopanda, sehemu ya nyongeza itaingia yenyewe kwenye akiba. Ndani ya miezi 40 akiba yao ilitoka asilimia 3.5 ya mshahara hadi 13.6. Hawakuhitaji kujikaza kila mwezi, kwa sababu uamuzi ulikuwa umeshafanywa kabla fedha haijafika mkononi. Uliza kama mwajiri au benki yako inaweza kukufanyia hivyo.

Nikingali kwenye kusoma, kuna kisa ambacho napenda kila msomaji wa vitabu vya uwekezaji akijue, kwa sababu kinaonyesha namna namba inavyoweza kudanganya hata pale ambapo hakuna mtu aliyekusudia kudanganya. Katika mji mdogo wa Beardstown, jimbo la Illinois, kulikuwa na klabu ya uwekezaji ya akina mama, wengi wao watu wazima. Mwaka 1994 walitoa kitabu kilichoeleza kwamba kwa miaka kumi walipata wastani wa asilimia 23.4 kwa mwaka, wakalishinda soko zima la Marekani. Kiliuzwa kwa mamia ya maelfu ya nakala, na wenyewe wakawa wageni wa kila kituo cha televisheni. Mwaka 1998 mwandishi wa jarida moja la Chicago akazitilia shaka hesabu zile. Ikaonekana kwamba michango ambayo wanachama walikuwa wakiiweka kila mwezi ilikuwa imehesabiwa kama faida. Wakaguzi wa Price Waterhouse walipozirudia hesabu, wastani halisi ulikuwa asilimia 9.1 kwa mwaka. Soko katika miaka ile ile lilikuwa limetoa karibu asilimia 15.

Tazama jinsi kosa hilo lilivyo jepesi. Unaanza mwaka na 1,000, unaongeza 200 kutoka mfukoni, mwisho wa mwaka una 1,290. Ukitoa 1,000 kwenye 1,290 unaona faida ya asilimia 29, ukafurahi. Kumbe 200 zilikuwa zako, na faida ni 90. Fanya hesabu hiyo kwenye uwekezaji wako wote leo jioni, halafu ifanye kwenye kila kitabu kinachokutajia asilimia. Uliza: fedha mpya iliingia kiasi gani? Ada zimetolewa? Miaka imeanzia wapi na kuishia wapi? Kitabu kisichojibu maswali hayo huenda bado kina hekima, ila asilimia yake usiitumie kupanga maisha.

Swali la tarehe lina uzito wake pia. Mwaka 1999, soko la Marekani likiwa juu sana, kilitoka kitabu kilichoitwa Dow 36,000, kikisema fahirisi ya Dow Jones, yaani kipimo cha bei za hisa za kampuni kubwa za Marekani, ingefika kiwango hicho ndani ya miaka michache. Oktoba 2002 fahirisi ilikuwa chini ya 7,300. Kiwango cha 36,000 kilifikiwa Novemba 2021. Aliyekuwa na miaka 45 alipokisoma alikuwa na 67 utabiri ulipotimia. Ndiyo maana kwenye kitabu cha uwekezaji mimi huanza na ukurasa wa mwaka wa kuchapishwa, kisha naangalia soko lilikuwa linapanda au linashuka wakati mwandishi anaandika.

Sasa hili la kuchagua hisa au kununua soko zima. Hapa waandishi wakubwa wanapatana kuliko unavyodhani. Benjamin Graham, ambaye kitabu chake The Intelligent Investor cha mwaka 1949 bado kinasomwa na wataalamu, aliandika baada ya kupitia anguko la 1929, na lile halikuwa anguko la kawaida: Dow ilishuka kutoka 381 Septemba 1929 hadi 41 Julai 1932. Ndiyo maana wazo lake kuu ni kununua kwa bei iliyo chini kiasi kwamba hata ukikosea kidogo huumii. Aliwagawa wawekezaji makundi mawili. Kuna anayetaka usalama na kutosumbuliwa, na kuna aliye tayari kuifanya kazi hii kama kazi kamili, kusoma hesabu za kampuni mwaka baada ya mwaka. Alisisitiza kwamba ukiwa katikati, yaani unachagua hisa kwa nguvu nusu, unapata matokeo ya ovyo. Na mwaka 1976, mwaka aliofariki, alisema kwenye mahojiano kwamba hatetei tena mbinu ndefu za kuchambua hisa moja moja kutafuta iliyosahaulika, kwa sababu wachambuzi wamekuwa wengi na kazi hiyo hailipi kama zamani.

Mwaka huo huo, John Bogle wa kampuni ya Vanguard alifungua mfuko wa kwanza wa fahirisi kwa watu wa kawaida, yaani mfuko unaokusanya fedha za watu wengi na kununua hisa za kampuni zote zilizo kwenye fahirisi bila kuchagua. Alitarajia kukusanya dola milioni 150, akapata kama 11. Hoja yake haikuwa kwamba hakuna mwenye akili ya kuchagua. Ni hesabu tu: wawekezaji wote kwa pamoja ndio soko, kwa hiyo kabla ya gharama wastani wao hauwezi kulizidi soko, na baada ya gharama lazima uwe chini yake. Gharama zenyewe si ndogo. Weka 100 kwa asilimia 7 kwa miaka 30, inakuwa 761. Ada ya asilimia 2 kila mwaka ikikushusha hadi asilimia 5, unapata 432. Asilimia 2 kwenye karatasi imechukua kama asilimia 43 ya kile ambacho kingekuwa chako, na walioichukua hawakubeba hasara hata mwaka mmoja.

Warren Buffett, mwanafunzi wa Graham na mchaguzi wa hisa maarufu kuliko wote, aliweka dau la dola milioni 1 kwa ajili ya hisani kwamba mfuko wa fahirisi ungevishinda vikapu vitano vya mifuko inayoendeshwa na wataalamu kwa miaka kumi, 2008 hadi 2017. Mfuko wa fahirisi ulipanda asilimia 125.8. Kikapu kilichofanya vizuri kuliko vingine vinne kilipanda asilimia 87.7.

Na yule anayesema nunua unachokifahamu? Huyo ni Peter Lynch, aliyeuendesha mfuko wa Magellan kuanzia 1977 hadi 1990 kwa wastani wa kama asilimia 29 kwa mwaka. Wengi wamechukua nusu ya ushauri wake. Kuipenda bidhaa ya kampuni, kwake, ni sababu ya kwenda kuzisoma hesabu za kampuni hiyo: ina deni kiasi gani, faida inakua au imesimama, bei ya hisa imeshaubeba ukuaji huo au bado. Alikuwa akifanya kazi hiyo mchana kutwa, na nyuma yake alikuwa na timu ya wachambuzi. Wewe una mshahara na biashara inayokusubiri jioni. Kwa hali hiyo fuata wanaosema nunua soko zima kwa ada ndogo, kila mwezi kiasi kile kile, deni lako likishaisha. Na fedha utakayoihitaji ndani ya miaka mitano isiingie kwenye hisa hata kidogo.

Tukija kwenye biashara yako, hapa ndipo ninapotaka uwe makini kuliko kote, kwa sababu kosa la akiba unaweza kulirekebisha mwezi ujao, lakini asilimia 20 uliyosaini itakaa.

Vitabu vingi vya kutafuta mtaji vimeandikwa kwa kampuni changa zinazotarajiwa kukua haraka sana kisha ziuzwe au hisa zake ziuzwe kwa umma kwenye soko la hisa. Mifuko inayowekeza humo hukusanya fedha za watu na kwa kawaida inatakiwa kuzirudisha ndani ya miaka kumi hivi, kwa hiyo inahitaji kampuni chache zikue mara nyingi sana ili zifidie zile zitakazokufa. Biashara inayotoa faida ya wastani kila mwaka, ikalisha familia na wafanyakazi wake, ni biashara njema, ila haifai kwa mifuko hiyo, na ushauri ulioandikwa kwa ajili ya mifuko hiyo utakusukuma kutumia fedha haraka kuliko unavyoingiza. Pamoja na hayo, kimoja ningependa ukisome: Venture Deals cha Brad Feld na Jason Mendelson, kilichotoka mwaka 2011. Kinachambua hati ya masharti, yaani muhtasari wa makubaliano na mwekezaji kabla ya mkataba kamili, kifungu kwa kifungu, na kinasema mambo ya maana humo ni mawili tu, nani anapata fedha kiasi gani, na nani anaamua. Soma ukiwa na kalamu.

Mfano mmoja utakuonyesha kwa nini. Mwekezaji ameweka milioni 2 apewe asilimia 20. Baadaye biashara inauzwa milioni 5. Ukifikiria kwa asilimia tu, yeye anapata 1 na wewe 4. Lakini kama mkataba unampa haki ya kulipwa kwanza, anaweza kuchagua kurudishiwa milioni 2 zake zote badala ya asilimia 20, nawe unabaki na 3. Na kama umempa haki ya kulipwa kwanza kisha agawane tena kilichobaki, anachukua 2, halafu asilimia 20 ya zile 3 zilizobaki, jumla 2.6. Wewe mwenye asilimia 80 ya hisa umeondoka na milioni 2.4, chini ya nusu. Tofauti kati ya hali hizo tatu ni sentensi moja kwenye mkataba. Si kwamba haki hiyo ni ya dhuluma. Mtu aliyetoa fedha taslimu ana sababu ya kutaka kinga. Ila uijue na uijadili bei yake.

Kwenye thamani pia kuna mtego wa lugha. Mtu akisema biashara yako ina thamani ya milioni 4 na anaweka milioni 1, muulize ni 4 kabla ya fedha yake au baada. Ikiwa kabla, jumla inakuwa 5 na fungu lake ni asilimia 20. Ikiwa baada, fungu lake ni asilimia 25. Na ukishapata bei, ipime kwa faida: anayelipa 10 kwa asilimia 20 anasema biashara nzima, pamoja na fedha yake, ni 50. Kama faida yako safi ya mwaka ni 5, amekupa mara kumi ya faida. Kama ni 25, unakaribia kumpa biashara bure.

Halafu linganisha na mkopo. Tuseme anaweka 100, na biashara inagawa faida ya 50 kwa mwaka. Anapata 10. Miaka sita baadaye faida ikifika 200, anapata 40 kila mwaka kwa ile 100 yake, na haina mwisho. Mkopo wa 100 kwa asilimia 15 ungekuwa umeisha zamani. Lakini mkopo hudai hata mwezi ambao hujauza kitu, na mbia hadai. Kama unajua fedha itaenda kwenye nini na itarudi lini, mashine fulani, shehena fulani, mkopo wa riba ya kawaida au mgawo wa faida wenye kikomo utakufaa zaidi. Kama fedha inaenda kwenye jambo ambalo hata wewe hujui litazaa lini, hapo mbia ana nafasi yake, maana anabeba hatari pamoja nawe.

Vitabu vipya usinunue kwa sasa. Rudi kwenye vile ulivyonavyo, na pembeni mwa kila ushauri andika namba yako mwenyewe: riba yako, ada yako, faida yako. Kisha, kabla ya kuketi tena na mtu wako, mwombe akujibu kwa maandishi mambo manne. Fedha yake inanunua hisa mpya, iingie kwenye biashara, au inanunua zako, iingie mfukoni mwako? Ni maamuzi gani hutaweza kuyafanya bila saini yake? Biashara ikiuzwa au ikifungwa, nani analipwa kwanza na kiasi gani? Na siku mmoja wenu akitaka kutoka, hisa zitanunuliwa na nani, kwa kanuni gani ya bei? Hilo la mwisho usiliache, kwa kuwa hisa za biashara ndogo hazina soko, na bei isiyokubaliwa mkiwa mnaelewana haitakubaliwa mkiwa mmegombana. Majibu hayo yatatosha kurasa mbili. Mpelekee wakili anayeandika mikataba ya kampuni kila siku, umlipe azisome, na akishazisoma niandikie tena.